Utando mweusi unaong'aa ndani ya bomba la moshi: niusugue au nisiwashe moto?

Swali
Habari zenu wakubwa. Ninaishi Maine, Marekani, na nyumba tuliyohamia ina jiko la kuni ambalo moshi wake hupanda kwa bomba la chuma kisichoshika kutu lililopitishwa ndani ya dohani ya matofali. Jana, jiko likiwa limepoa kabisa, nilimulika bomba hilo kwa tochi kutokea chini nikaona masizi ya unga tu. Lakini nilipopanda juu ya paa na kufungua kofia ya dohani, nilikuta wavu wake umeziba nusu na bomba limepakwa kitu cheusi kinachong'aa kama lami. Je, hii ndiyo kreosoti, yaani masalia ya moshi wa kuni yanayoweza kushika moto? Na unene gani unatosha kunizuia kuwasha moto? Mimi nilikulia kwenye mafiga matatu, ambako moshi hutoka kwa kupenda kwake, kwa hiyo mambo haya ni mageni kwangu.

Jibu la kwanza
Ndiyo yenyewe, ndugu, na umefanya vyema kupanda. Juu ndiko bomba lina baridi zaidi, na moshi ukipoa chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, mvuke na lami ya kuni ambayo haikuungua huganda ukutani. Wengi humulika kutoka mlangoni mwa jiko tu, wakaridhika. Kwa kawaida, utando ukifika milimita 3 ni lazima usafishwe. Ukwarue kwa ncha ya bisibisi uone. Hata hivyo, kwako wewe unene si hoja kubwa. Masizi ya unga hutoka kwa brashi, magamba makavu hutoka kwa taabu, lakini utando unaong'aa haung'oki kwa brashi ya kawaida, na ukishika moto, joto ndani ya bomba huweza kupita nyuzi 1,000. Usiwashe hadi msafisha dohani mwenye ujuzi autazame.

Jibu la pili
Ninakubaliana na mwenzangu. Naongeza kwamba kwa bomba la namna hiyo brashi ya plastiki ndiyo salama, kwani nyuzi za chuma cha kawaida hulikwaruza na kuacha kutu. Kisha tafuta chanzo. Je, usiku mnabana tundu la hewa ili moto udumu hadi asubuhi? Na kuni zina unyevu kiasi gani? Zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20, nao mwaloni huweza kuhitaji miaka 2 ya kukaushwa. Pasua kipande kwanza, ndipo upime uso wa ndani, maana ganda la nje hudanganya.

Muulizaji
Nashukuru sana. Hewa tulikuwa tukiibana kila usiku. Nimepasua vipande vitatu vya mwaloni nikapata asilimia 27, 29 na 31, ingawa muuzaji aliniapia kuwa ni vikavu. Msafisha dohani atafika Alhamisi. Hadi hapo tunajipasha joto kwa hita ya umeme.