Mteja wa Japani hakatai wala hakubali: nishushe bei?

MauzoNje:
Wakuu, naomba mawazo. Nasimamia mauzo ya nje kwenye kampuni inayotengeneza mashine za kufungashia. Tuna mteja mtarajiwa Japani. Vikao vyote vilikwenda vizuri, ingawa walikuja watu wengi na baadhi hawakufungua mdomo kabisa. Tangu hapo ni maswali tu: unene wa bati, vipuri vinachukua muda gani kufika, nani atakuja mashine ikizima usiku. Nikijibu moja, linakuja jingine. Mkurugenzi wetu ni Mjerumani, mtu wa kunyoosha maneno. Anataka tuwape tarehe ya mwisho pamoja na punguzo la asilimia 8, wakikataa tujue moja. Mimi nasita. Huku ni kukataliwa kwa adabu, au kuna kitu sikioni?

Mzee wa Bohari:
Usishushe bei. Nimefanya kazi idara ya ununuzi ya kampuni ya Kijapani kwa muda mrefu, na maswali hayo ni habari njema. Aliyekwisha kukukataa haulizi habari za vipuri. Anakushukuru sana, kisha anapotea.

Huyo unayeandikiana naye hana uwezo wa kusema ndiyo peke yake, na bosi wake naye hatasema mpaka walio chini yake wawe wamekubaliana. Kampuni nyingi za huko zina waraka uitwao ringisho. Anauandika mtu wa ngazi ya kati, unazunguka idara kwa idara, kila mkuu anagonga muhuri wake. Na kabla haujaanza kuzunguka, mwandishi wake anamfuata kila mhusika mezani kwake kimyakimya amalize wasiwasi wake. Kazi hiyo ndiyo nemawashi. Kikao rasmi mara nyingi kinathibitisha tu yaliyokwisha kukubaliwa. Wale waliokaa kimya siku ile, huenda ndio wenye mihuri. Swali la bati ni la fundi, la vipuri ni la mtu wa matengenezo.

Ukipunguza asilimia 8 bila kuombwa, unamwangusha anayekutetea. Ameshazunguka akieleza kwa nini bei yenu ni ya haki, kesho akawaambie nini? Mtu wa ubora naye atajiuliza mmepunguza nini ndani ya mashine.

Jibu kwa maandishi, na michoro, kila jibu lijitosheleze, maana litasomwa na mtu ambaye hujawahi kumwona. Usiulize "mtaamua lini". Uliza kikao chao cha ndani ni lini na wangependa wawe na nini mkononi. Halafu jiandae: waraka ukishapita hakuna anayebisha tena, na atakayebanwa kwa tarehe za kufikisha mashine ni wewe.

Kidadisi:
Mzee kasema vizuri, ila tusiwapake wote rangi moja. Hofstede, mtafiti wa tofauti za tamaduni, alipochambua madodoso ya wafanyakazi wa kampuni ya IBM wa nchi mbalimbali ya kati ya 1967 na 1973, alichopata ni wastani wa nchi, na wastani haukuambii chochote kuhusu mtu aliyekaa mbele yako. Wapo wenye kampuni zao hukohuko Japani wanaoamua papo hapo.

Halafu utaratibu wa kazi nao unabadilisha watu. Kiwanda cha magari cha General Motors (GM) cha Fremont, California, kilifungwa 1982, kikijulikana kwa utoro na migogoro. Mwaka 1984 kikafunguliwa kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI. Wafanyakazi wengi walikuwa walewale, na chama chao kilekile. Wakaruhusiwa kuvuta kamba na kusimamisha uzalishaji wakiona kasoro. Ubora ukapanda, na Wamarekani wakabaki Wamarekani.

Mzee wa Bohari:
Nakubali. Ila GM walipotaka kuupeleka utaratibu huo kwenye viwanda vyao vingine walihangaika sana, na sehemu ya tatizo ilikuwa mameneja wasiotaka mfanyakazi wa kawaida aiguse hiyo kamba. Tukitaja utamaduni tunawatazama wafanyakazi, tunawasahau wakubwa.

Lulu wa Mikataba:
Mjerumani naye asionewe jamani. Mashauriano marefu anayajua: kwao, kwa sheria ya 1976, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 inawapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi. Kinachomkera ni kutoona ratiba. Mtengenezee jedwali: swali, limeulizwa lini, na idara gani, limejibiwa lini. Akiona maswali yanahama kutoka idara moja kwenda nyingine, atajua kuna kinachotembea.

MauzoNje:
Asanteni sana. Jedwali limefanya kazi, habari ya punguzo imewekwa kando kwanza. Nimeuliza kuhusu kikao cha ndani, nikajibiwa siku hiyohiyo: mwisho wa mwezi. Na swali jipya juu yake: je, mota inafanya kazi kwa hezi 50 na 60 zote mbili?

Mzee wa Bohari:
Umeona? Mashariki ya Japani umeme ni hezi 50, magharibi ni 60. Huenda kuna mtu ndani anafikiria kiwanda zaidi ya kimoja. Usiulize mashine ngapi. Jibu la mota, na vipimo vya majaribio uambatanishe.