Mkataba wa huduma ya wavuti: uandikwe na mtu, au uzalishwe na zana?

Mtoa hoja:

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili swali ambalo limewagawa watengenezaji wa programu kwa zaidi ya miaka 20. Je, mkataba wa huduma ya wavuti, yaani hati ya WSDL inayozieleza programu nyingine jinsi ya kuitumia huduma hiyo, pamoja na skima yake inayotaja umbo na aina za data, uandikwe kwanza na binadamu, au iachiwe zana kuuzalisha kutokana na msimbo? Msimamo wangu ni kwamba uandikwe kwanza, kwa sababu zana nyingi hushindwa kuelewana pale mojawapo inapoandika mkataba kwa mazoea ya lugha yake yenyewe.

SOAP 1.1, muundo wa ujumbe wa XML ambao huduma hizi hupelekeana, ilitolewa Mei 2000, mwaka mzima kabla W3C, shirika la viwango vya wavuti, haijaidhinisha Skima ya XML, na kwa hiyo ilikuja na kanuni zake yenyewe za kusimba data, yaani kuigeuza kuwa maandishi ya ujumbe. WSDL 1.1 ilipofuata mwaka 2001 iliruhusu kanuni hizo na skima vilevile, tena kwa mtindo wa RPC (ujumbe kama mwito wa kazi iliyo kwenye mashine nyingine) au wa hati (ujumbe kama hati nzima ya XML). Kila zana ikashika njia yake: Apache Axis, zana ya Java, ilielemea RPC yenye usimbaji huo, .NET ya Microsoft ikaelemea hati inayofuata skima bila usimbaji huo, na programu mbili ambazo zote zilifuata viwango zikashindwa kusomana. Shirika la WS-I, lililoundwa mwaka 2002 kwa ajili ya tatizo hili hili, lilipiga marufuku usimbaji huo katika Basic Profile 1.0 ya mwaka 2004.

Marufuku hiyo ilisaidia sana, lakini haikumaliza tofauti za aina za data. Java haina aina ya msingi ya namba kamili ya biti 32 isiyo na alama (isiyoweza kuwa hasi), na .NET kabla ya toleo la 2.0 haikuweza kuweka thamani tupu kwenye tarehe wala namba. Niliwahi kukesha nikitafuta kwa nini mteja wa .NET anaukataa ujumbe mzima kutoka seva ya Java, kumbe sehemu moja ya tarehe ilikuwa imetumwa tupu kwa xsi:nil, alama ya XML inayosema kwamba thamani haipo. Mkataba uliruhusu jambo hilo waziwazi, ila hakuna aliyeusoma, kwa kuwa hakuna aliyeuandika.

Mchangiaji:

Nakuheshimu, ndugu, lakini unatetea mzigo ambao wengi tumekwisha kuutua. Kuandika WSDL kwa mkono ni kazi ya kuchosha na yenye makosa mengi, na ndiyo maana tulihamia JSON, muundo mwepesi wa kuandika data kama maandishi, ambayo kila lugha huisoma bila zana nzito. Tatizo lilikuwa SOAP yenyewe, wala si nani aliandika mkataba.

Mtoa hoja:

Nakubali kwamba JSON imepunguza uzito, na sitaki kumrudisha mtu yeyote kwenye SOAP. Hata hivyo tatizo limehama tu. JSON haina aina ya tarehe, hivyo zana moja hutuma maandishi yenye ukanda wa saa na nyingine hutuma idadi ya milisekunde. Kuhusu namba, RFC 8259 ya mwaka 2017, kiwango rasmi cha JSON, yenyewe inatahadharisha kwamba nje ya masafa fulani zana huenda zisikubaliane: seva ya Java ikituma kitambulisho 9007199254740993 kama namba, JavaScript ya kawaida itakisoma kuwa 9007199254740992, bila hitilafu yoyote kuonekana. Kosa la SOAP angalau lilipiga kelele. Hili hupita kimya na kuharibu kumbukumbu za watu.

Mahali ambapo timu moja inamiliki seva na mteja, na wote wanatumia zana ile ile, sina pingamizi mkataba ukizalishwa na msimbo. Lakini huduma inapofunguliwa kwa watu ambao zana zao hatuzijui, skima iandikwe kwanza, iseme wazi ni sehemu gani inaweza kuwa tupu na ni ipi inaweza kukosekana, kisha ijaribiwe kwa zana mbili za lugha tofauti kabla mteja wa kwanza hajaunganishwa.