Nimeambiwa ninafuga dagaa, tena mbele ya mwanangu

Assalamu alaykum. Naandika nikiwa wima, kwa sababu tangu nilipotoka dukani kwa yule bwana muuza vifaa vya kufugia samaki wa mapambo baada ya laasiri sijapata utulivu wa kukaa kitako. Sina haja ya kumtaja, kwani mnamjua nyote: yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayemwambia kila mteja kuwa bei hii ni yake peke yake.

Bwana huyo aliniuzia chujio la kuning'iniza ukingoni mwa tangi, akaapa kwamba maji yatang'ara hata nyangumi angetamani kuhamia humo. Tangi langu ni la lita 40, na ndani yake walikuwamo samaki wadogo wa mapambo waitwao gapi, 6 waliokomaa. Alfajiri ya leo mmoja wa majike alizaa, maana gapi hatagi mayai, huzaa watoto wenye macho na mikia kamili, nami niliwahesabu 23, kila mmoja akiwa mdogo kama punje ya mchele. Niliporudi kutoka msikitini walikuwa 9. Nilipomaliza chai walikuwa 4. Mashine ile ilikuwa ikiwafyonza kama watu wanavyofyonza juisi ya miwa Forodhani, na dume langu zuri kuliko wote nililikuta limebanwa kwenye matundu ya bomba, mkia wake wa rangi ya chungwa umechanika kama kanga iliyonaswa na msumari.

Nikaenda na mwanangu wa miaka 7, naye akiwa amekumbatia chupa ya jamu yenye maiti ya dume lile. Yule bwana aliinama, akaitazama chupa kwa muda mrefu kama daktari, kisha akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Samaki anayeshindwa kukwepa bomba si samaki, huyo ni dagaa. Nenda kamkaange." Duka zima likacheka. Dagaa! Njiani mwanangu akaniuliza, "Baba, kwani sisi tunafuga dagaa?" Nimekosa jibu mpaka sasa.

Mzee wa Kisiwandui: Pole sana, ingawa nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuniangalia. Hebu tuambie, chujio hilo linapitisha lita ngapi kwa saa?

Mwenye uzi (mimi niliyeleta malalamiko haya): Imeandikwa 800 kwenye boksi. Lakini sikuja hapa kuulizwa lita, nimekuja kwa sababu nimeitwa mfuga dagaa.

Mzee wa Kisiwandui: Lita 800 katika tangi la lita 40 maana yake ni kwamba maji yote hupita bombani mara 20 kila saa. Ndugu yangu, hilo si tangi tena, huo ni Mkondo wa Pemba. Samaki mzima mwenye afya kwa kawaida hulishinda bomba, na ukimkuta amenaswa mara nyingi alikwishadhoofika au kufa kabla, lakini kwa mkondo wa namna hiyo hata mwenye afya huchoka, sembuse kifaranga wa leo asubuhi.

Mama Sponji: Kaka yangu, ungelivika mdomo wa bomba kipande cha sponji chenye vitundu vidogo, haya yote yasingelitokea. Kama huna sponji, kata soksi ya nailoni ya kike, ufunge kwa uzi, na uisuuze mara kwa mara kwa kuwa huziba upesi. Mimi niliachana na hayo mabomba zamani; nina chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, na vifaranga hushinda juu yake wakidonoa vijidudu. Na kabla hujamalizana na yule bwana, mtazame vizuri mama mzazi, kwa sababu gapi hula watoto wake mwenyewe. Kama amenenepa ghafla baada ya kujifungua, naye ahojiwe.

Mwenye uzi: Sasa mnamtuhumu mzazi aliyefiwa! Na mbona hakuna anayezungumzia lile neno? Alisema DAGAA.

Mpemba wa Wete: Wewe umeitwa jina tu. Shemeji yangu alikuja kunitembelea, akaona sponji ya chujio imekuwa ya kahawia, akaisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto mpaka ikawa mpya, akasubiri nimshukuru. Wiki haikwisha, samaki 11 wakaelea. Ile kahawia aliyoiona uchafu ndimo walimokaa bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo kali, na ukishawaua unakuwa umewafungia samaki ndani ya choo chao wenyewe. Sponji husuuzwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, basi. Mpaka leo shemeji anashikilia kwamba samaki wangu walipatwa na kijicho.

Babu wa Michenzani: Nyinyi vijana mnalalamikia chujio lililokuwa likifanya kazi. Umeme ulipokatika Unguja Mei 2008 kwa karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, mimi nilikuwa pampu. Nilikuwa nikichota maji tangini kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa, usiku kucha, na mkwe wangu akanikuta hivyo saa 8 za usiku nikiwa na shuka kiunoni. Heshima yangu kwa mkwe haijarudi.

Mwalimu wa Skuli: Malalamiko yangu ni juu yenu nyote. Mnahangaika na gapi wa Amerika ya Kusini, ilhali kisiwa hiki kina samaki wake, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kitaalamu na mwanazoolojia Pfeffer mwaka 1893. Huishi katika madimbwi ya mvua hapa Unguja. Dimbwi likikauka hufa, na mayai yake husubiri topeni mpaka mvua irudi. Amezoea maji yaliyotulia, kwa hiyo wafugaji wa ng'ambo humwekea chujio la sponji lenye mapovu ya taratibu. Wao wanamtunza kama lulu, sisi tunamkanyaga tukienda shamba.

Mwenye uzi: Naomba kwa heshima turudi kwenye dagaa.

Mama Sponji: Mwenye haja ya dagaa aende sokoni. Mimi nauliza hivi: paka wa jirani amegundua maji yanayotiririka kutoka kwenye chujio la binti yangu. Hupanda juu ya kabati, huyapiga kwa mkono akidhani ni samaki, na leo mchana ameliangusha chujio zima sakafuni. Nimfanye nini?

Mpemba wa Wete: Ni wa kijivu, sikio moja limekatika?

Mama Sponji: Ndiye huyo huyo!

Babu wa Michenzani: Huyo tunamjua.