Homa ya Mjomba

Rehema 19:02
Jamani, Mjomba karudi kutoka Thailand na homa, wiki ya pili sasa. Anakohoa, kakonda, malaria haionekani. Kesho hospitali ya rufaa. Nani ana gari?

Rehema 19:09
NANI ANA GARI?

Juma 19:31
Huyo kaukumbuka ufuo tu 😂

Salma 19:33
Juma, acha. Ana kisukari na alitembea peku kwenye mashamba ya mpunga wakati wa mvua. Hiyo ni njia ya ugonjwa wa melioidosisi kabisa. Bakteria wake, Burkholderia pseudomallei, wanaishi kwenye udongo na maji, sana kaskazini mashariki mwa Thailand na kaskazini mwa Australia. Wanaingia kwenye mchubuko, au kwa kuvuta hewa yenye matone. Dalili huanza siku 1 hadi 21, ila wanaweza kujificha miaka.

Rehema 19:36
Daktari tumwambie nini?

Salma 19:41
Thailand na kisukari, kabla ya kitu kingine. Picha ya kifua hufanana na TB, mtu akala dawa za TB bure. Maabara waoteshe bakteria kutoka damu, mkojo, makohozi, sampuli ya koo, na usaha ukiwepo. Wakikosa, warudie. Maabara waambiwe mapema: bakteria hawa hudhaniwa uchafu wa kawaida wakatupwa, na anayenusa sahani ya kuoteshea anaweza kuambukizwa. Sampuli zikishachukuliwa dawa ianze, majibu huchukua siku kadhaa.

Omari 21:40
Gari ninalo. Mafuta je? Maana michango ya Bibi mliniachia mwenyewe.

Rehema 21:41
Omari hayo yalikwisha.

Omari 21:41
Kwenu.

Juma 21:43
Naleta bisi za sinema 😂

Salma 21:50
Sijamaliza. Seftriaksoni ya nimonia haitoshi hapa, jentamisini kwa kawaida haiwaui bakteria hawa. Ni seftazidimu ya mshipani gramu 2 kila saa 6, figo zikiwa dhaifu dozi inashuka, au meropenemu. Angalau siku 10 hadi 14, zaidi kukiwa na jipu. Kwa hiyo tumbo lipigwe picha: ini, bandama, tezi dume. Homa huweza kupita wiki hata dawa ikiwa sahihi, msiombe ibadilishwe kwa hilo tu. Kisha vidonge vya ko-trimoksazoli miezi 3 au zaidi, figo na potasiamu zikipimwa. Wengi huacha wakipata nafuu, ugonjwa unarudi. Na insulini asiikatishe eti kwa sababu hali chakula.

Babu 22:15
Mjomba wenu Hamisi ni mwanangu. Omari, alfajiri gari liwe mlangoni. Ya bibi yenu mtakuja kuyasema mbele yangu.

Omari 22:16
Shikamoo Babu. Nitakuwepo.

Rehema 22:18
Shikamoo Babu. Wengine, zamu za wodini wiki mbili? Andikeni majina.

Rehema 22:47
Mmesoma watu kumi na nne.

Juma 22:50
Jumamosi mimi, labda.

Salma 22:52
Kadi yake ya kliniki ya kisukari iko wapi? Wataitaka.

Mama Zai 23:38
Ndiyo kwanza nashika simu. Si alibaki nayo Omari?