Mdogo wangu ana makovu kwenye vichujio vya figo, dawa zinamvimbisha uso. Aache?

Wakuu, habari za muda huu. Naombeni ushauri, hasa kwa waliopitia hili.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, alianza kuamka macho yamevimba, kisha miguu, na mkojo ukawa na povu zito lisiloisha. Kupimwa, anapoteza gramu 6 za protini kwa saa 24, albumini (protini kuu ya damu) iko chini, kolesteroli juu, presha 150/95. Bingwa wa figo akachukua kinyama kwa sindano, majibu yakaja FSGS: baadhi ya vichujio vina makovu, tena sehemu tu ya kila kimoja. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, bado ni ya kawaida.

Yuko mwezi wa pili wa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili. Uso umeumuka, chunusi, hasira za karibu, usingizi hana. Protini ndiyo kwanza imeshuka hadi 4. Ndugu wanasema dawa ndiyo inayommaliza, aache ahamie mitishamba. Mimi nimeshaanza kujiandaa kumpa figo. Nifanyeje?

Chujio_Hai: Pole mkuu, nami ninao ugonjwa huo. Kwanza kabisa asikate prednisoloni ghafla! Ukiitumia muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni ya mwili inayofanana nayo. Ukiikata siku moja, presha inaweza kuporomoka mtu akapoteza maisha. Hupunguzwa taratibu kwa ratiba ya daktari. Tena miezi miwili ni mapema, kwa watu wazima husubiriwa hata wiki 16 kabla ya kusema imegoma. Kutoka 6 hadi 4 si haba. Mimi iligoma kweli, nikahamishiwa takrolimasi, dawa nyingine ya kutuliza kinga, povu likakata. Nayo ina vituko vyake: kiwango chake kwenye damu lazima kipimwe, ikizidi inaumiza figo zile zile.

Dada_wa_Zamu: Nahudumu wodi ya figo. Mleta mada, makovu yametokana na nini? FSGS ni kile kinachoonekana kwenye hadubini, chanzo ni habari nyingine. Ipo inayokuja yenyewe, hiyo ndiyo hupewa steroidi. Ipo inayoletwa na unene uliopitiliza, VVU, selimundu, kuzaliwa na figo moja; hapo steroidi kwa kawaida hazina kazi, hutibiwa chanzo. Na ipo ya kurithi. Muulizeni daktari ya kwake ni ipi. Pia, amepewa losartani au enalaprili? Hushusha presha na protini kwa pamoja. Diklofenaki na ibuprofeni asiguse, hata kichwa kikipasuka.

Mzee_Kijiwe: Shangazi yangu alipona figo kwa mizizi. Hospitali wanataka hela tu.

Dada_wa_Zamu: Mzee wangu, shikamoo. Alipimwa akakutwa na nini? Hata maumivu ya kiuno watu huita figo. Ubelgiji, miaka ya 1990, baadhi ya wanawake waliokuwa wakimeza vidonge vya mitishamba vya kupunguza mwili waliishia kusafishwa damu kwa mashine. Mzizi nao ni dawa, una sumu yake.

Mleta mada: Shikamooni wakubwa, ahsanteni. Losartani anayo. Chanzo hatukuuliza, nitauliza. Je, ale nyama na mayai kwa wingi kufidia protini inayopotea? Na hili la figo yangu?

Chujio_Hai: Ale kiasi cha kawaida. Ukimjaza protini, vichujio vilivyobaki ndivyo vinavyobebeshwa mzigo. Cha kubana ni chumvi, isizidi gramu 5 kwa siku, ukihesabu na iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani. Figo yako itunze kwanza. Kreatinini ya kawaida halafu unawaza kupandikiza? Unamchimbia kaburi mtu anayetembea. Tena ile inayokuja yenyewe huweza kurudi kwenye figo mpya, takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu. Na kama ni ya kurithi, wewe ndugu wa damu huenda unayo pia bila kujua, kwa hiyo utapimwa vinasaba kabla ya yote.

Dada_wa_Zamu: Nyongeza. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake na kuuma, au kifua kikibana, msingoje siku ya kliniki. Protini zinazozuia damu kuganda nazo hutoka na mkojo, bonge likifika mapafuni ni hatari. Homa vilevile, kinga yake iko chini kwa hizo dawa. Na sukari je, inapimwa? Prednisoloni huipandisha.