Mfumo wa kupima korosho ghalani: zana tunachaguaje?

Mwana_Ndanda
Wakuu, salaam. Tunatengeneza mfumo wa chama cha msingi huku Tandahimba. Karani anapima korosho, anaingiza kilo na daraja kwenye simu ya Android, mkulima anapewa stakabadhi. Mtandao unakatikakatika. Timu ni watu watatu: mmoja anang'ang'ania Flutter (zana ya kuundia programu za simu), mwingine anasema tovuti ya kufungua kwenye kivinjari cha Chrome inatosha. Na data je, tuiweke Firestore (hifadhidata ya Google ya mtandaoni) au PostgreSQL (hifadhidata ya kuweka kwenye seva)? Mnaamua kwa vigezo gani?

Kitangari
Mkuu, andikeni kwanza masharti ya kazi, majina ya zana yaje baadaye. Sharti lenu kubwa ni hili: kipimo kikishaingizwa kisipotee, hata simu ikizimika wakati hakuna mtandao. Hapo Chrome naiondoa. Simu ikijaa, kivinjari kinaweza kufuta hifadhi ya tovuti, na karani akisafisha data za kivinjari, vipimo ambavyo havijatumwa vimekwenda. Wekeni programu yenye SQLite ndani (hifadhidata ndogo inayokaa kwenye simu yenyewe).

Firestore inapokea data mpya bila mtandao, ila simu mbili zikihariri rekodi moja, iliyofika seva mwisho ndiyo inayobaki. Kwa kilo za mkulima, hapana. Mimi ningechukua PostgreSQL. Kila kipimo kipewe UUID (namba ya utambulisho isiyojirudia) palepale kwenye simu, na seva itumie `ON CONFLICT DO NOTHING` (amri ya kuruka rekodi ambayo tayari ipo), ili simu ikituma mara mbili kisihesabiwe mara mbili. Kipimo kisihaririwe kamwe. Kosa lirekebishwe kwa rekodi mpya. Uzito hifadhini kwa gramu, namba kamili. Ukitumia desimali za kawaida za kompyuta, 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004, na jumla za msimu zinaweza zisilingane na za ghala kuu.

Mikindani_Dev
Naungana na Kitangari, ila Chrome msiitupe moja kwa moja. Ofisi ya chama kikuu yenye intaneti ya uhakika inataka ripoti tu, na tovuti ndiyo rahisi kuisasisha.

Flutter au React Native (zana nyingine ya aina hiyo)? Chukueni ile ambayo wawili kati yenu wanaijua tayari. Kinachoangusha miradi hii ni plagini (kipande cha programu cha kuongezea) ya printa ya Bluetooth. Angalieni ilisasishwa lini, leseni yake, na kama wanaoitunza wanajibu hitilafu zinazoripotiwa. Android 12 ilileta ruhusa mpya, `BLUETOOTH_CONNECT` na `BLUETOOTH_SCAN`. Programu iliyolengwa toleo hilo ikibeba plagini ya zamani, inaweza kuanguka pale tu karani anapobonyeza chapisha.

Kabla ya kuamua, jengeni kipande kigumu peke yake: pima, chapisha kwenye karatasi ya milimita 58, zima data, ua programu, washa, tuma. Fanyeni kwenye simu ya RAM 2GB, wala si kwenye simu ya kuigiza ndani ya kompyuta.

Mwana_Ndanda
Nimewaelewa wakuu. Na yule fundi wa Flutter akiondoka?

Kitangari
Ndiyo maana mantiki ya hesabu ikae seva, simu ikusanye na kutuma tu. Mkibadilisha Flutter kesho, mnaandika upya skrini chache, na vipimo vyote viko salama.