MJADALA: Shule ndogo za vijijini zicheze kombe moja na vigogo, au zitengewe daraja lao?

Dereva wa Ripley (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo huku niliko limegawa watu hadi kanisani hawakai benchi moja.

Naishi kusini-mashariki mwa Indiana, Marekani, mwaka wa tisa sasa, naendesha lori. Mji wetu una taa moja ya barabarani, kituo kimoja cha mafuta, na ukumbi wa kikapu wa shule unaoingiza watu wengi kuliko wakazi wote wa mji. Sitanii, Indiana ndivyo ilivyo. Ule wa New Castle ulijengwa kwa watu zaidi ya 9,000, na ni wa shule ya sekondari tu.

Kwa wasiojua, michezo ya shule huku ina ngazi mbili. Kuna konferensi, yaani umoja wa shule saba au nane za jirani zinazokutana kila msimu, na watu wanajuana hadi babu wa mchezaji alikosa penalti mwaka gani. Halafu mwisho wa msimu linakuja kombe la jimbo, chini ya IHSAA, chama cha michezo ya sekondari kilichoanzishwa 1903. Kombe la kikapu la wavulana lilianza 1911, na hadi 1997 lilikuwa moja tu. Shule ya watoto mia na shule ya watoto elfu tatu, chungu kimoja.

Nikipita na lori pale Milan, mji mdogo wa kaunti yetu ya Ripley, nauona mnara wao wa zamani wa maji umeandikwa mabingwa wa jimbo 1954. Mwaka huo shule ilikuwa na wanafunzi 161. Fainali walikutana na Muncie Central, kigogo haswa. Robo ya mwisho kijana Bobby Plump alisimama na mpira mkononi zaidi ya dakika nne bila kufanya lolote, kwa kuwa sheria ya muda wa kurusha haikuwapo. Ngoma ikiwa 30–30, zimebaki sekunde chache, akaruka akatupia. 32–30. Kesho yake watu wanaokadiriwa kufika 40,000 wakamiminika kwenye mji wa wakazi elfu moja na kitu.

Mwaka 1996 wakuu wa shule wakapiga kura, 220 kwa 157, na kuanzia msimu wa 1997–98 kombe likapasuliwa madaraja manne kwa idadi ya wanafunzi. Wazee wa hapa wanasema siku ile Indiana iliuza roho yake.

Jumanne ijayo tuna kikao cha wazazi shuleni. Ajenda rasmi ni kama tutoke kwenye konferensi yetu tuhamie nyingine yenye shule kubwa, lakini najua wazee watalileta na la kombe. Mimi niko upande wa kombe moja. Mtoto acheze na yeyote, akifungwa afungwe na mkubwa. Mnasemaje?

Kambi Popote

Naweka kiti hapa, mtanikuta.

Fundi Takwimu

Mkuu Dereva, hadithi ya Milan naipenda kama wewe, ila inatumika vibaya. Kwanza haikuwa muujiza wa usiku mmoja. Mwaka mmoja kabla, 1953, Milan hiyo hiyo, na vijana karibu wale wale, ilifika nne bora. Ilikuwa timu ya kweli.

Pili, angalia dunia waliyochezea. Mwaka 1954 zilizoingia kombeni ni shule 751. Mwaka 1997, kombe moja la mwisho, zilikuwa 382. Zaidi ya 360 zilikwenda wapi? Hazikuuawa na madaraja, maana madaraja hayakuwapo bado. Ziliunganishwa. Indiana ilipitisha sheria ya kupanga upya shule mwaka 1959, vijishule vya vijiji vikafungwa, watoto wakapakiwa mabasi kwenda shule moja kubwa katikati ya kaunti. Hapo hapo kaunti ya Ripley kwenu kuna shule inaitwa Jac-Cen-Del. Mgeni anadhani ni jina la mtu. Ni Jackson, Center na Delaware, kata tatu zimeshonwa jina moja ili pasiwe na wa kununa.

Kwa hiyo 1954 Milan ilikuwa ndogo miongoni mwa wadogo wengi. Mwanzo wa njia yake ulikuwa na wadogo wenzake. Kufika miaka ya 90, mdogo alikuwa amezungukwa na mijishule iliyoungana. Kuanzia 1954 hadi kombe linapasuliwa, hakuna shule ya ukubwa ule iliyolibeba tena. Shule ya Plymouth, ya mchezaji Scott Skiles, mwaka 1982 ilisifiwa kwa udogo, na ilikuwa na watoto mia kadhaa, si 161.

Wazee wanalilia kombe. Kilichowatoka ni shule.

Dereva wa Ripley

Hiyo ya mwisho imenigusa, sikatai. Lakini Fundi, mwaka 1990 watu 41,046 walijaa uwanja wa Hoosier Dome, Indianapolis, kumtazama kijana Damon Bailey akicheza fainali ya sekondari. Sekondari! Leo fainali nne kwa siku moja na viti vinapumua. Plump mwenyewe alizunguka akipinga madaraja. Au naye hajui kikapu?

Mama Kapu

Jamani, mmejaza wanaume na wazee wenu wa 1954. Niulize kidogo: hiyo “mila ya kombe moja” ni ya nani? Kombe la wasichana Indiana lilianza 1976, shule ya Warsaw wakalibeba. Kwa binti zetu kombe moja lilidumu miaka ishirini na kitu, basi. Na mpira wa miguu wa Kimarekani ulikuwa na madaraja tangu 1973, walipoanza mchujo wao wa jimbo, na sijasikia mtu akilia kwamba roho ya Indiana imeuzwa. Kumbe inategemea roho iko kwenye mpira gani.

Binti yangu yuko shule ya daraja la chini kabisa, 1A. Mwaka juzi walichukua ubingwa wa hatua ya kwanza ya kombe. Ya kwanza tu! Zimamoto walitoka na magari yao, wakazunguka mji na wasichana juu, ving'ora vinalia saa tano usiku, mbwa wote wameamka. Wazee hao hao wanaosema kombe la madaraja ni la plastiki walikuwa barabarani na blanketi mabegani wanapiga makofi. Kwa mfumo wenu angefungwa na shule ya watoto elfu mbili kwa vikapu hamsini, angerudi nyumbani na somo gani la maisha?

Bandugu LEX

Mie niko Lexington, Kentucky, sisi watu wa Kongo tuko wengi hapa, Kiswahili unakisikia mpaka sokoni. Nashangaa munabishana kama vile hakuna njia ya tatu. Ng'ambo tu ya mto Ohio, Kentucky, kikapu mpaka leo ni kombe moja. Kanda 16, kila moja inatoa bingwa wake, wote wanakuja Rupp Arena, uwanja mkubwa wa hapa Lexington. Mutu wa milimani anashuka na kijiji chake chote, wanalala hoteli siku nne.

Na hapa historia ya wadogo iko. Mwaka 1928 Carr Creek, katoto ka shule ka milimani, kalifika fainali na Ashland, wakaenda muda wa nyongeza mara nne, kakafungwa 13–11. Mwaka 1956 Carr Creek wakarudi, wakabeba.

Lakini Kentucky hawakuwaacha wadogo hivi hivi. Kila Januari, katikati ya msimu, shule ndogo zina mashindano yao ya jimbo zima, All “A” Classic, na yanatoa pesa za masomo ya chuo. Halafu Machi wote wanarudi chungu kimoja. Mutoto wa shule ndogo anapata nafasi mbili. Indiana iliambiwa ichague moja, na nani?

Fundi Takwimu

Bandugu, hoja nzito hiyo. Tatizo moja: shule ndogo nyingine ni za binafsi, zinachukua watoto popote. Indiana iliona hilo, ndiyo maana mwaka 2012 wakaweka kanuni kwamba timu ikibeba sana inapandishwa daraja hata kama idadi ya wanafunzi haijaongezeka. Udogo wa karatasi na udogo wa kweli ni vitu viwili.

Msimamo Mkali

Dogo akae na dogo. Ngumi zina uzito, kikapu kwa nini kisiwe nao? Mjadala umeisha.

Kipute Kakamega

Haujaisha ndugu. Kenya hatuna madaraja. Unaanza kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, kisha Afrika Mashariki. Matokeo yake tunayajua: kwenye soka utasikia Kakamega, utasikia St. Anthony's Kitale, majina yale yale, kwa sababu shule ya bweni yenye jina inavuta vipaji toka kila kona, na shule ya kutwa ya kijijini inabaki inawapigia makofi watoto wake wakiwa wamevaa jezi ya wengine. Kombe moja ni tamu kama kila mtu anacheza na watoto wa kwao. Milan walikuwa watoto wa Milan. Siku usajili unapoingia, mdogo hachezi tena, analisha.

Mtu wa Mtwara

Na sisi Tanzania tumekwepa swali lote. UMISSETA, michezo ya sekondari ya taifa, timu ni ya mkoa. Mtoto wa sekondari ya kata akiwa mkali anachukuliwa kambini, anavaa jezi ya mkoa, anarudi na medali. Shule yake haipo hata kwenye ratiba. Sisemi ni mbaya, yule mtoto angeonekana wapi vinginevyo? Ila nikisoma habari ya mnara wa maji nikajiuliza kijiji gani kwetu kina cha kuandika kwenye tangi lake.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimesoma wote. Nilifundisha Indianapolis miaka mingi, na kuna jina ambalo mmelipita kimya: Crispus Attucks.

Ni shule iliyofunguliwa 1927 ili watoto weusi wa mji watengwe mahali pamoja. Hilo “kombe la wote” mnalolililia, Attucks haikuruhusiwa kuingia hadi 1942. Shule za Kikatoliki vilevile. Kwa hiyo Dereva, chungu hakikuwa kimoja tangu 1911. Kilikuwa na mfuniko.

Shule yenyewe haikuwa na ukumbi wa kufaa, ikawa inachezea nyumba za watu. Mwaka 1954 Milan walipita kwa Attucks, 65–52, wakiwa njiani kwenda kwenye hadithi yao. Kwenye Attucks ile alikuwamo kijana wa darasa la kumi, Oscar Robertson, yule aliyekuja kuwa nyota wa NBA. Mwaka uliofuata Attucks wakalibeba, shule ya kwanza ya weusi kubeba kombe la jimbo, na 1956 wakalibeba tena bila kufungwa hata mechi moja.

Sasa sikilizeni sherehe. Milan walipata watu 40,000. Attucks, mabingwa wa mji mkuu wa jimbo, walizungushwa mara moja katikati ya mji kisha gari la zimamoto likageuzwa, likawapeleka kwenye bustani ya mtaa wa weusi wakashangilie huko. Robertson amelisema hilo maisha yake yote.

Mimi sipingi kombe moja. Lilikuwa kombe moja lililowapa Attucks nafasi ya kuwafunga wote, bila nyota pembeni inayosema “daraja lao.” Kama madaraja yangekuwapo 1955, nawajua watu wangelitafutia Attucks kona yake. Ila msinieleze kwamba zamani ilikuwa haki.

Mama Kapu

Mwalimu, shikamoo. Nimenyamaza.

Kambi Popote

Mama Kapu kanyamaza? Wekeni tarehe.

Baridi ya Maine

Nchomeke langu dogo. Lewiston, Maine, ulikuwa mji wa viwanda vilivyokufa, watu wanahama. Kuanzia 2001 wakaja Wasomali, baadaye Wakongo na wengine. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, karibu wote watoto wa wakimbizi, ikabeba ubingwa wa jimbo ikiwafunga Scarborough 1–0. Ni shule kubwa, haihusiani na madaraja yenu. Nasema tu kuna njia nyingine ya shule kukua, na siyo kuunganisha kata tatu.

Dereva wa Ripley

Wakuu, ahsanteni. Mwalimu, habari ya gari la zimamoto nimempigia simu mzee mmoja wa hapa, miaka themanini na kitu, alikuwa Milan siku ile ya 40,000 akiwa mtoto begani kwa baba yake. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakuwahi kusikia. Namwamini. Na hilo nalo ni jambo.

Nimepunguza sauti ya kombe moja, sijaiacha. Nikipewa cha Kentucky nasaini leo. Ila nimegundua nilikuwa naenda kikaoni kugombania kitu ambacho kikao hakina mamlaka nacho. Kombe linaamuliwa Indianapolis. Konferensi inaamuliwa na sisi. Hiyo nyingine tunayotakiwa kuhamia, safari ya karibu ni saa moja na nusu, usiku wa Ijumaa, Januari, barabara ina barafu. Mimi naendesha kwa riziki, najua barabara ile. Leo tukicheza na jirani nusu ya ukumbi ni wageni, wanakula hotdogi za mabaraza ya wazazi wetu, na hela hiyo ndiyo inanunua jezi. Tukihama, nani atatufuata saa moja na nusu?

Fundi Takwimu

Lakini msipohama mtabaki mnawafunga wale wale hadi Machi mkutane na watu mnashangaa.

Dereva wa Ripley

Tushangae, Fundi. Tumeshangaa kabla.

Mama Kapu

Niulizie na hili huko kikaoni: hizo mechi za mbali, basi la wasichana litaondoka saa ngapi, na la wavulana saa ngapi? Maana kwetu walipohama, wasichana walianza kucheza saa kumi na moja jioni, wazazi wako kazini, ukumbi mtupu. Hilo hakuna mtu aliyelipigia kura.

Dereva wa Ripley

Kikao ni saa moja usiku. Nimeliandika mkononi kwa kalamu.